"Mzuri" na "Mwema" Mjini Kisumu

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili kutoka bara wana mazoea ya kuhesabu makosa kabla ya kusikiliza. Mhusika wa Kaloleni, Kisumu, akiulizwa habari na kujibu "mzuri", au akimsifu jirani mkarimu kuwa "mtu mzuri" pasi na kuifikiria sura yake, twaambiwa kuwa mwandishi hajui lugha. Makala haya yanadai kwamba kivumishi hicho kina historia, nayo hupotea kinaposahihishwa.

Katika Kiswahili cha pwani, -zuri aghalabu huelekea kinachopendeza, na -ema huelekea tabia. Mpaka huo haukuwa ukuta, lakini ulijulikana. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, Kiswahili kilikuja pamoja na kazi, amri na biashara. Kiliwakuta watu ambao Dholuo yao ina neno moja, ber, kwa uzuri wa sura na kwa wema wa moyo. Kinyume chake, rach, hubeba pia ubaya wa aina zote mbili. Isitoshe, ber hubadilika kwa umoja na wingi tu (wingi wake ni beyo), wala haijui ngeli. Kwa msemaji kama huyo -zuri ilikuwa pacha wa neno alilokwisha kuwa nalo, ilhali -ema, pamoja na jema, njema na chema zake, ilikuwa mzigo wa ziada.

Hata hivyo Dholuo isitwishwe lawama yote. "Mtu mzuri" kwa maana ya tabia husikika Dar es Salaam pia, na "mzuri" ya salamu imeenea bara zima la Kenya. Nionavyo, Dholuo iliharakisha mwendo uliokwisha kuanza.

La kuzingatiwa zaidi ni pale -ema iliposalia. Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 huitumia katika sura ya kwanza ya Mwanzo. Marehemu huombewa "mahali pema peponi", na sijamsikia mtu akimwombea "mahali pazuri". Tena nomino hazikuchanganyika: anayemwita jirani "mtu mzuri" bado husema ametendewa wema, hasemi ametendewa uzuri. Basi tofauti ya maana haikufa; ilihamia kwenye nomino na kwenye lugha ya ibada. Kwa hiyo mwandishi akitia "mwema" kinywani mwa muuza omena wa Kaloleni, mhakiki aulize kwanza kama mama huyo ametoka kanisani.