Tangu Makerere: Utafiti wa Kufundisha Kiingereza Afrika Mashariki

Ukiutaja mkutano wa Makerere, wapenzi wa fasihi hukumbuka Juni 1962, pale Chinua Achebe alipokutana na wenzake wanaoandika kwa Kiingereza, na Ngũgĩ wa Thiong'o, wakati huo akiwa bado mwanafunzi, akiwa miongoni mwao. Mkutano ule umeandikwa mno. Kuna mwingine uliofanyika chuoni hapohapo Januari 1961, ambao hauna mashabiki. Ulikuwa mkutano wa Jumuiya ya Madola kuhusu ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili, na ripoti yake ilichapwa Entebbe mwaka huohuo. Kwa maoni yangu huu wa pili ndio uliogusa maisha ya watu wengi zaidi. Ule wa waandishi ulibishania lugha ya kuandikia riwaya. Huu ulihusu lugha atakayoisikia mtoto mwalimu anapofungua kinywa.

Wakati wenyewe ulikuwa wa pilikapilika. Tanganyika ilijitawala Desemba mwaka uleule, Uganda Oktoba 1962, Kenya Desemba 1963. Shule zilikuwa mbioni kuongezeka, walimu waliokimudu Kiingereza walikuwa wachache, na Uingereza ilitaka lugha yake ibaki hata bendera ikishushwa. Miaka thelathini hivi baadaye, mwaka 1992, mwanaisimu Mwingereza Robert Phillipson aliifukua ripoti ile na kuchota ndani yake imani tano. Kwamba Kiingereza hufundishwa vizuri kwa Kiingereza kitupu. Kwamba mwalimu bora ni yule aliyezaliwa nacho. Kwamba mtoto akianza mapema ndiyo heri, na akipewa vipindi vingi ndiyo heri zaidi. Na kwamba lugha nyingine zikitumiwa sana, Kiingereza kitashuka. Zote tano aliziita dhana potofu. (Kitabu chake kilitolewa na Oxford, wachapishaji walewale waliotuuzia kamusi na vitabu vya kiada miaka nenda miaka rudi.)

Msomaji anaweza kuona Phillipson alikuwa mkali. Lakini aliyesoma shule za huku, muongo wowote ule, atazitambua imani hizo bila kuzisoma popote. Ngũgĩ amesimulia jinsi watoto wa Kenya walivyochapwa au kuvishwa kibao shingoni kwa kukutwa wakisema lugha ya nyumbani, na hayo yalikuwa ya miaka ya 1950, kabla ya mkutano. Makerere haikuzizua imani hizo. Ilizivika joho la kitaalamu.

Na utaalamu wenyewe ulitoka wapi? Sehemu kubwa ulitoka Asia. Michael West alifanya kazi ya elimu Dhaka, Bengal, akachapisha utafiti wake mkubwa mwaka 1926. Aliona jambo ambalo wakubwa wake hawakulitilia maanani: wavulana wengi waliacha shule kabla ya kufika mwisho, wakaondoka mikono mitupu. Kwa hiyo aliuliza swali alilolikopa kwa watu wa bima: mtu akiuvunja mkataba kabla ya muda, anaondoka na nini? Jibu lake lilikuwa kusoma. Mfundishe mtoto kusoma kwanza, kwa maneno machache yaliyochaguliwa, ili hata akitoka baada ya miaka miwili awe na kitu kitakachomfaa. Kutokana na kazi hiyo tukapata vitabu vya hadithi vilivyorahisishwa, na mwaka 1953 orodha yake mashuhuri ya maneno takriban 2,000 ya Kiingereza cha msingi.

Mwenzake Harold Palmer alifika Japani mwaka 1922 kuishauri Wizara ya Elimu, na mwaka uliofuata ikaanzishwa Tokyo taasisi ya utafiti wa kufundisha Kiingereza, aliyoiongoza hadi 1936. Huko ndiko A. S. Hornby alikojifunza kazi. Kamusi yake ya wanafunzi ilitoka Tokyo mwaka 1942, huku Japani na Uingereza zikipigana vita, kisha Oxford wakaitoa upya mwaka 1948. Mwanafunzi wa Tabora au Maseno aliyeifungua kutafuta maana ya neno hakuambiwa kwamba ilitungwa kwa ajili ya Wajapani.

Hapa ndipo penye kiini cha historia hii. Mtoto wa Kijapani alijifunza Kiingereza kama somo. Hesabu, fizikia na jiografia alizisoma kwa Kijapani. Zana za Tokyo zilibuniwa kwa kazi hiyo, na kwa kazi hiyo zilifaa. Afrika Mashariki tulizichukua zana zilezile tukazitwisha mzigo mwingine kabisa: mtoto ajifunze Kiingereza, na kwa Kiingereza hichohicho ambacho hajakijua ajifunze kila kitu kingine. Mambo mawili yakafungwa kitita kimoja, na tangu hapo kila anayetaka kuyatenganisha hushukiwa kwamba anakichukia Kiingereza.

Kenya ilijaribu mapema. Mwaka 1957 kituo maalumu cha Nairobi kilianza jaribio la kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, kwanza kwa watoto wa Kiasia. Walimu walikuwa wamefundwa vizuri, vifaa vilikuwa tele, watoto walikuwa wakichangamka na kucheza badala ya kukariri. Jaribio lilipendeza. Mpango ukasambazwa haraka hadi shule za Waafrika, na Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ikauunga mkono. Kilichosambaa hata hivyo kilikuwa lugha, si zile hali zilizolifanya jaribio lifaulu. Walimu waliofundwa vile hawakutosha, wala vifaa. Kufikia mwaka 1976 Tume ya Gachathi ilikuwa ikipendekeza watoto waanzie kwa lugha ya eneo lao. Na muda wote huo kulikuwa na ripoti ya UNESCO ya mwaka 1953, inayosema wazi kwamba lugha bora ya kumwanzishia mtoto masomo ni ile anayoijua. Watunga sera waliijua, wakaiweka kando.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 ulikuja utafiti mpana kuliko wote, uliolipiwa na wakfu wa Ford wa Marekani, wa kuchunguza matumizi ya lugha na ufundishaji wake Ethiopia, Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia. Kitabu cha Uganda, ambacho Clive Criper alikuwa mmoja wa waandishi wake, kilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1970. Cha Tanzania, chini ya uhariri wa Edgar Polomé na C. P. Hill, kilichelewa hadi 1980. Kufikia hapo Tanzania ilikuwa imeshaamua yake: tangu 1967 shule ya msingi ilifundisha kwa Kiswahili toka mwanzo hadi mwisho, na swali lilikuwa limehamia sekondari.

Utafiti ninaoupenda kuliko wote ni wa mwaka 1977, na ninaupenda kwa sababu mbili. Kwanza, uliandikwa kwa Kiswahili, jambo ambalo katika uwanja huu ni nadra hadi leo. Pili, waliouandika hawakuwa wapimaji waliotoka ng'ambo. Penina Mlama ndiye yuleyule Penina Muhando wa tamthilia, aliyetuandikia *Hatia* na *Pambo*. May Matteru ndiye May Balisidya, mwandishi wa riwaya ya *Shida*. Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) liliwatuma wachunguze haja ya kutumia Kiswahili kufundishia elimu ya juu, nao wakaingia madarasani wakiwa na sikio la watu wa jukwaa. Walichokieleza kila mwalimu wa sekondari anakijua: swali likiulizwa kwa Kiingereza, darasa zima hutazama chini, likiulizwa lilelile kwa Kiswahili, mikono hupanda na mabishano huanza. Hawakuona wanafunzi wasiojua. Waliona wanafunzi waliofungwa mdomo.

Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilitoa ripoti yake mwaka 1982. Ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia kidato cha kwanza Januari 1985, kisha kipande hadi chuo kikuu. Mwaka uliofuata serikali ilirudi nyuma. Mwalimu Nyerere mwenyewe, aliyemfasiri Shakespeare mara mbili, *Juliasi Kaizari* mwaka 1963 na *Mabepari wa Venisi* mwaka 1969, alihofu kwamba Kiingereza kikibaki somo tu kitakufa. Hofu hiyo si ya kubezwa. Nchi maskini yenye majirani wanaozungumza Kiingereza haiwezi kukitupa hivihivi. Ila ni hofu iliyojengwa juu ya kitita kilekile cha Makerere: kwamba njia ya kukifundisha Kiingereza ni kufundishia kemia.

Ndipo alipofika Criper, yuleyule wa Uganda, pamoja na W. A. Dodd. Waingereza waliwaleta wapime hali ya Kiingereza Tanzania, kuanzia shule za msingi hadi chuo kikuu, na ripoti yao ni ya mwaka 1984. Ili msomaji apate picha ya vipimo vya ufahamu vya enzi hizo, chukua habari fupi, ufute kila neno la saba hivi, halafu umpe mtu ajaze. Kwa Kiswahili ingekuwa: “Juma aliamka mapema, akachukua ndoo na kwenda kisimani ______ maji.” Mswahili hahitaji kufikiri, mkono wenyewe unaandika “kuteka”. Anayesoma neno mojamoja bila kuifuata habari hukwama kila penye pengo. Si rahisi kubahatisha wala kukariri, ndiyo maana kipimo hiki, kilichobuniwa Marekani mwaka 1953, kilipendwa sana na watafiti.

Matokeo yalitisha. Katika wanafunzi wa kidato cha nne, takriban asilimia 10 tu ndio waliokuwa wamefikia kiwango ambacho mtu angetarajia masomo kwa Kiingereza ndiyo kwanza yaanze. Yaani baada ya miaka minne ya kufundishwa kwa lugha hiyo, kumi katika mia walikuwa tayari kuanza kufundishwa kwayo. Chuo kikuu, chini ya asilimia 20 ya waliopimwa ndio waliokuwa na uwezo wa kusoma kwa urahisi hata vile vitabu vyepesi vya masomo yao. Ukifunika jalada hapo, utadhani sentensi inayofuata itasema: basi wafundishwe kwa Kiswahili, na Kiingereza kifundishwe vizuri kama somo. Wapi! Ripoti ilishauri wizara ithibitishe upya kwamba Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia sekondari na vyuo.

Nimeisoma hoja hiyo mara nyingi na bado sioni ngazi inayotoka kwenye takwimu kupanda hadi kwenye ushauri. Ninachokiona ni nani aliyelipa. Mwaka 1987 ulianza mradi wa Uingereza wa kukisaidia Kiingereza sekondari, wenye thamani ya zaidi ya pauni milioni moja, na masharti yake yalikwenda sambamba na ushauri ule. Tusiwe wachoyo wa sifa: mradi ulileta vitabu vya hadithi nyepesi mashuleni, vya mtindo uleule wa West, na kwa shule ambazo hazikuwa na maktaba hiyo ilikuwa neema. Mtoto aliyeazima kimoja kila wiki alinufaika. Alinufaika kwa sababu alikuwa akijifunza lugha, kwa hadithi anayoielewa. Kesho yake akirudi kwenye bayolojia, giza lilikuwa palepale.

Baada ya hapo wasomi wa nyumbani hawakunyamaza. Casmir Rubagumya alihariri mwaka 1990 kitabu kuhusu lugha na elimu Tanzania. Zaline Roy-Campbell na Martha Qorro walitoa chao mwaka 1997. Mwaka 2002 ulianza mradi wa Tanzania, Afrika Kusini na Norwei, ambamo Qorro alishirikiana na Birgit Brock-Utne na Zubeida Desai kulinganisha madarasa yanayofundishwa kwa lugha ya wanafunzi na yale ya Kiingereza. Halima Mwinsheikhe alijikita kwenye sayansi ya sekondari. Zanzibar, ambayo kwa sera yake ya mwaka 2006 iliamua hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza tangu darasa la tano, ikapata utafiti wake juu ya lugha ya mitihani. Wote hawa, kwa njia tofauti, walilikuta darasa lilelile la Mlama na Matteru. Mwalimu anaandika ubaoni kwa Kiingereza, anaeleza usanisinuru kwa Kiswahili, wanafunzi wananakili wasichokielewa, mtihani unakuja kwa Kiingereza, na anayefeli anaambiwa hakusoma.

Kazi iliyonivutia katika miaka ya karibuni ni ndogo na haina kelele. Rubagumya na wenzake, pamoja na watafiti wa Bristol, walitunga vitabu vya kidato cha kwanza kwa Kiingereza chepesi, vyenye maneno magumu yaliyofafanuliwa kwa Kiswahili na shughuli zinazomruhusu mwanafunzi kujadili kwa Kiswahili kabla ya kuandika kwa Kiingereza. Ni njia ya kati. Haimalizi ubishi, lakini angalau inamkuta mtoto pale alipo, na inavunja waziwazi ile amri ya Kiingereza kitupu iliyodumu tangu Makerere.

Miongo sita, basi, imetuachia rundo la ripoti, karibu zote kwa Kiingereza, na karibu zote zikisema habari za wanafunzi bila wanafunzi wenyewe kusema. Kijana aliyekaa kwenye dawati mwaka 1984 akijaza mapengo ya karatasi ya mtafiti sasa amekwisha kupita miaka hamsini. Kama ni wewe, andika unachokumbuka: uliambiwa nini, uliandika nini, mwalimu alisimama wapi. Na walimu wastaafu mlio na vile vitabu vya hadithi vya mradi, miongozo yake, au madaftari ya wanafunzi wa wakati ule, msiwape wauza karanga wafungie. Vipelekeni maktaba ya chuo kikuu kilicho karibu nanyi, mkadai risiti.