Nguvu Kazi na Ukame: Issuna na Historia ya Kujiandaa na Maafa

Issuna ni kata ya Wilaya ya Ikungi, mkoani Singida, kando ya barabara kuu itokayo Manyoni kwenda Singida mjini. Nchi hiyo iko juu ya uwanda wa kati wa Tanzania, magharibi ya ukingo wa Bonde la Ufa, na hupata msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Wastani wa mvua mkoani ni kati ya milimita 500 na 800 kwa mwaka. Kiasi hicho kingetosha mtama na uwele kama kingenyesha kwa mpangilio, lakini mara nyingi mvua hukatika Februari, mazao yakiwa shambani na akiba ya mwaka uliopita ikiwa inakaribia kwisha. Ikirudi, hurudi kwa kishindo, ikachimba makorongo na kukata njia. Kwa hiyo mkulima wa huko hukabili ukame na mafuriko ndani ya msimu uleule. Kila utawala uliopita hapo ulilazimika kujibu swali moja: kazi ya kuzuia njaa ifanywe na nani, na kwa amri ya nani?

Wanyaturu, wanaojiita pia Warimi, walikuwa na jibu lao kabla ya wakoloni. Mwanaanthropolojia Harold Schneider, aliyechapisha kitabu kuhusu Wanyaturu wa kundi la Wahi mwaka 1970, alieleza jinsi ng'ombe na nafaka zilivyotegemeana. Samadi ya zizi ilirutubisha mashamba yaliyozunguka tembe, na nafaka ya ziada ilibadilishwa kuwa mifugo. Mwaka wa njaa mifugo iligeuzwa tena kuwa chakula. Mwenye kundi kubwa hakuliweka lote zizini mwake. Aligawa ng'ombe kwa ndugu na marafiki wa mbali ili ukame au ugonjwa wa sehemu moja usimmalize. Kazi kubwa za shambani zilifanywa kwa kualikana, na mwenye shamba aliandaa pombe ya mtama. Hakukuwa na jeshi wala kamati, ila kulikuwa na wajibu ambao kila mtu aliujua, na aliyeukwepa alikumbukwa siku yake ya kuomba msaada.

Mpango huo ulivunjwa na Vita Kuu ya Kwanza. Kati ya mwaka 1916 na 1918 majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua nafaka, ng'ombe na wapagazi katika nchi yote ya kati. Mvua zilipokosekana, jirani upande wa mashariki, Ugogo, ikaingia katika njaa inayoitwa Mtunya, iliyoendelea hadi mwaka 1920. Wanaoikadiria husema watu wapatao 30,000 walikufa. Mtunya unastahili kutazamwa kwa makini kwa sababu ukame peke yake haukuwa mgeni. Kilichokuwa kigeni ni kwamba maghala yalikuwa yameshamwagwa, vijana wamepelekwa kubeba mizigo ya majeshi na ng'ombe wa akiba wameliwa na askari. Dola ilichukua nguvu kazi ya watu ikaitumia kwa shughuli zake, na mvua ilipokataa hapakuwa na cha kuegemea.

Waingereza waliotawala baadaye waliamua kuzuia njaa kwa amri. Kupitia mamlaka za wenyeji zilizowekwa miaka ya 1920, kaya ziliagizwa kulima mihogo na mazao mengine yanayostahimili ukame, kuweka akiba ya nafaka na kutoa siku za kazi za umma. Baada ya Vita Kuu ya Pili zilikuja kanuni za hifadhi ya ardhi, yaani matuta ya kuzuia mmomonyoko na kupunguza mifugo. Nyingi zilikuwa na maana kitaalamu. Lakini zilitekelezwa kwa faini na vitisho, na katika sehemu mbalimbali za Tanganyika, hasa Uluguru mwaka 1955, ziligeuka kuwa kuni za moto wa siasa. TANU, chama cha kupigania uhuru kilichoanzishwa mwaka 1954, kilipata wanachama wengi miongoni mwa watu waliochoshwa na matuta ya lazima.

Kwa kinaya cha historia, TANU ilipokaribia kushika dola ilikuta njaa mlangoni. Ukame wa mwaka 1961 uliiacha mikoa ya kati ikingoja mahindi ya msaada kutoka Marekani, na muda mfupi baadaye mvua kubwa zikaharibu barabara na mazao. Serikali mpya haikuweza kurudia lugha ya boma la mkoloni. Ilikuja na kaulimbiu ya Uhuru na Kazi, na kuanzia mwaka 1962 wananchi walihimizwa kujitolea kujenga shule, zahanati, visima, malambo na barabara za vijijini. Kazi ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya umma, ikapewa heshima ya kujenga taifa. Miradi mingi ilikamilika. Mingine ilisimama katikati kwa kukosa bomba, saruji au fundi, kwa sababu mikono ilikuwa mingi kuliko vifaa.

Ndipo likaja Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), lililoanzishwa rasmi tarehe 10 Julai 1963. Wazo lilitokana na umoja wa vijana wa TANU, na washauri kutoka Israeli walisaidia kulipa umbo: kambi, gwaride, mafunzo ya ulinzi na kilimo kwa pamoja. Kijana aliingia kama kuruta, akafundishwa kutii amri ya afande, kisha akapelekwa kulima, kufyatua matofali au kufyeka pori. Katika Afrika Mashariki hatua kama hiyo haikuwa ya Tanganyika peke yake. Kenya ilianzisha Huduma ya Vijana kwa Taifa mwaka 1964, na Zanzibar iliunda Jeshi la Kujenga Uchumi mwaka 1977. Mfano wa zamani zaidi ulikuwa Marekani, ambako kati ya mwaka 1933 na 1942 serikali ya Roosevelt iliwaweka kambini vijana wasiopungua milioni 2.5 kupanda miti na kuzuia mmomonyoko. Tofauti ni kubwa hata hivyo. Kambi za Marekani ziliundwa kwa ajili ya ardhi iliyoharibika na vijana wasio na ajira. Za Tanganyika ziliundwa kwanza kwa ajili ya umoja wa taifa, na kilimo kikafuata.

Baada ya maasi ya askari ya Januari 1964, umuhimu wa kisiasa wa JKT ulipanda, na mwaka 1966 serikali ikaamua kuwa wasomi nao waende. Wahitimu wa elimu ya juu walitakiwa kutumikia miaka miwili, sehemu ya muda kambini na sehemu kazini kwa asilimia 40 ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga. Rais Nyerere aliwafukuza karibu 400, kisha akapunguza mishahara ya viongozi wakuu, wake ukiwa wa kwanza. Kuanzia hapo utumishi wa mujibu wa sheria ulikuwa hatua ya kawaida katika maisha ya msomi. Vijana waliokulia mjini walishika jembe katika ardhi kavu ya Makutupora, Dodoma, kambi iliyo upande wa mashariki wa njia ya Issuna, wakaona kwa macho yao maana ya kulima bila uhakika wa mvua. Huenda mafunzo hayo yalidumu kuliko mavuno.

Mavuno yenyewe hayakutosha kuiokoa nchi mwaka 1973 na 1974, ukame ulipoungana na kupanda kwa bei ya mafuta na kuvurugika kwa kilimo wakati wa kuhamia vijijini. Serikali ilitangaza Kilimo cha Kufa na Kupona. Shule, ofisi, viwanda na kambi zilipewa mashamba, na mtumishi wa umma alitakiwa kuonyesha jembe lake. Redio nayo ilitumika. Baada ya kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowafikia watu wapatao milioni mbili, ilikuja Chakula ni Uhai mwaka 1975, ambapo vikundi vya wanakijiji vilikusanyika kusikiliza vipindi na kujadili lishe na kilimo. Vikundi hivyo havikupewa sifa vinazostahili. Viliwafanya watu wazungumze wao kwa wao kuhusu akiba na mlo, na gharama yake ilikuwa ndogo.

Operesheni Vijiji ilikuwa jambo jingine. Novemba 1973 Nyerere alitangaza kuwa kuishi vijijini ni amri, na katikati ya miaka ya 1970 kaya za Singida zilizokuwa zimetawanyika zilikusanywa kando ya barabara na vituo vya huduma. Shule, zahanati na maji vilisogea karibu, na chakula cha msaada kikawa rahisi kugawiwa. Upande wa pili, Helge Kjekshus, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alionya mwaka 1977 kuwa mkusanyiko huo ulibeba hatari za kimazingira. Onyo hilo linaeleweka kwa yeyote anayejua kilimo cha Wanyaturu. Mbolea ilibaki kwenye mazizi yaliyohamwa, mashamba mapya yakawa mbali na nyumba, na miti iliyo karibu na makazi ikaisha haraka. Mpango uliokusudiwa kuokoa kaya ulikata uzi wa zamani kati ya zizi na shamba.

Karibu na hapo, katika Mkoa wa Dodoma, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza mwaka 1973 kwa fedha za Uswidi. Huko Kondoa, ambako mmomonyoko ulikuwa umechonga ardhi hadi mwamba, makumi ya maelfu ya mifugo yaliondolewa mwaka 1979. Majani na vichaka vilirudi, na wageni wengi wamekwenda kuona. Gharama ilibebwa na wafugaji waliopoteza malisho. Mpango wa Shinyanga ulioanza mwaka 1986 ulichukua njia laini zaidi, ukajenga juu ya ngitili, yaani maeneo ya malisho yanayofungwa kwa kanuni za wenyeji. Singida, iliyo katikati ya mikoa hiyo miwili, ilikuwa na nafasi nzuri ya kujifunza kutoka pande zote.

Miaka ya 1980 hali ngumu ya uchumi iliifanya kambi ya JKT iangalie tumbo lake. Mwaka 1981 lilianzishwa Shirika la Uzalishaji Mali la JKT, SUMAJKT, ili kambi zijigharamie. Serikali ilipunguza matumizi, na mwaka 1994 utumishi wa lazima kwa wahitimu ulisitishwa. Kwa upande wa sheria, mwaka 1990 ilipitishwa sheria ya kuratibu misaada ya maafa, ambayo jina lake linaonyesha fikra za wakati huo: maafa yakitokea, gawa chakula. Kujiandaa mapema hakukuwa kiini chake.

Mpangilio wa sasa ulikuja hatua kwa hatua. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulianza mwaka 2000, na katika awamu ya tatu iliyoanza mwaka 2012 kaya maskini zilipewa ajira za muda, hadi siku 60 kwa mwaka wakati wa uhaba wa chakula, kuchimba malambo, kupanda miti na kutengeneza barabara. Kwa umbo, hii ni kazi ya umma ileile ya zamani. Kwa malipo ni tofauti, na tofauti hiyo si ndogo. Mlengwa huondoka na fedha mkononi siku ambazo nafaka ni ghali, na kijiji hubaki na lambo. Lambo hilo hujaa tope baada ya misimu michache kama hakuna anayelisafisha.

Utumishi wa mujibu wa sheria ulirejeshwa mwaka 2013, safari hii kwa miezi mitatu kwa wahitimu wa kidato cha sita, na baadhi ya wabunge vijana waliingia kambini kuonyesha mfano. Wa kujitolea hukaa miaka miwili. Miezi mitatu haitoshi kumfanya kijana mtaalamu wa maji au wa uokoaji, lakini inatosha kumzoesha kupanga safu na kufanya kazi usiku na watu asiowajua, mambo yanayohitajika mafuriko yakija. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2015, kisha ya mwaka 2022 iliyochukua nafasi yake, ziliweka ngazi za kamati kutoka taifani hadi kata na kijiji. Kwa maandishi, hatua ya kwanza ya kujiandaa imerudi kijijini.

Mtihani ulikuja Desemba 2023. Maporomoko ya tope kutoka mlima Hanang yaliizika sehemu ya mji wa Katesh, mbele ya Singida kwenye barabara ya kwenda Babati, na watu zaidi ya 80 wakafa. Vikosi vya ulinzi vilishiriki kuondoa tope na kutafuta miili, na SUMAJKT ikawa miongoni mwa wajenzi wa nyumba za waathirika. Hapo jeshi lilifanya lile linaloliweza vizuri: watu wengi, mashine, nidhamu na ujenzi wa haraka. Kutambua kwamba mlima umekwishaanza kuteremka, au kuwatoa watu kabla ya alfajiri, ni kazi ya watu walio papo hapo wenye taarifa na idhini ya kuamua.

Katika Issuna maandalizi ya kila mwaka huanza Oktoba, Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa utabiri wa mvua za msimu kwa mikoa yenye msimu mmoja, Singida ikiwemo. Utabiri hupita kwa maofisa ugani na redio hadi vijijini. Mkulima anaamua kiasi gani apande mtama au uwele wa chakula na kiasi gani apande alizeti ya kuuza, zao lililoutajirisha mkoa na ambalo huvumilia ukame kiasi, ingawa haliliwi msimu wa njaa. Sheria ndogo za halmashauri humkumbusha alime mazao ya chakula yanayostahimili ukame. Kamati ya kijiji hukagua njia za maji na kuorodhesha kaya zisizo na akiba. Mgambo wa kijiji huitwa kunapotokea moto au mafuriko, na wilaya huombwa msaada hali ikizidi uwezo wa kata. JKT, likihitajika, huja kupitia ngazi hizo, likitokea kambi zake za mikoa jirani.