Viraka vya Burma

Babu yangu alipigana Burma, na katika barua zake zote hakuna neno hata moja la vita. Kuna salamu. Kuna kuulizia ng'ombe mwekundu kama amezaa. Kuna pesa zilizopitia ofisi ya Disii wa Machakos, na swali kama zimefika zote. Mvua anaitaja karibu kila mara, na mahali pamoja anasema wamevuka mto mkubwa kuliko Athi. Nilizisoma mpaka zikakaa kichwani, na bado sikujua mwenye kuzituma alipitia nini, hadi nilipoanza kufumua nguo zilizokuwa nazo ndani ya sanduku.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Tena. Kibanda changu kiko karibu na steji, upande wa kwenda Umoja One, na kazi inayonilisha ni sare za shule, vitenge vya harusi na suruali za kupunguza kiuno. Vipande vinavyobaki sivitupi. Naviunga kuwa mablanketi ya viraka, na wateja wanayapenda. Kwa hiyo sanduku la bati la susu, yaani nyanya yetu, lilipoletwa kutoka kijijini baada ya mazishi ya mama, ndugu zangu walichukua picha na mimi nikaachiwa matambara. Yalikuwa haya: kabuti la jeshi lililoliwa na nondo, kaptura ya kaki, kaniki iliyochakaa, leso moja yenye pembe iliyochanika, na kitambaa kigumu cha rangi ya gunia kilichokunjwa peke yake. Barua zilikuwa ndani ya mkebe wa biskuti.

Ukitaka kuelewa kwa nini barua hizo zimenyamaza, fuata safari ya barua moja. Babu hakujua kuandika alipoingia jeshi. Alimwambia mwenzake aliyesoma, kijana wa misheni, naye akaandika kwa Kiswahili cha kambini. Kisha barua ikapita kwa mkaguzi, kwa maana kila barua ya askari ilisomwa, na jina la mahali, la meli au la kikosi likionekana lilifutwa au kukatwa kwa wembe. Moja ya barua zetu ina tundu la mraba katikati ya sentensi. Ikifika Machakos, susu alitembea kwenda kuichukua, na kwa kuwa hakujua kusoma wala hakujua Kiswahili, alimtafuta mwalimu amsomee na kumfasiria kwa Kikamba. Maneno ya mume kwa mkewe yalipita mikononi mwa wanaume watatu wasiowahusu. Nani angesema "naogopa" mbele yao? Nani angesema "nakutamani"?

Zaidi ya hayo, babu alikuwa ameondoka kwenye nyumba yenye hasira na serikali. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilianza kuwanyang'anya Wakamba mifugo na kuiuza kwa bei ya kutupa, kwa madai kwamba ni mingi kupita uwezo wa ardhi, huku kiwanda cha nyama cha Liebig's kikiwa tayari Athi River. Muindi Mbingu aliongoza maelfu ya watu, wanaume, wanawake na watoto, wakatembea hadi Nairobi na kupiga kambi Kariokor wakitaka kuonana na gavana. Serikali ililegeza kamba, lakini Muindi alikamatwa na kupelekwa kizuizini Lamu. Baba yake babu alikuwa miongoni mwa waliolala Kariokor. Mwaka uliofuata Vita vya Pili vya Dunia vikaanza, na serikali ileile ikarudi Ukambani kutafuta vijana, maana Waingereza walikuwa wameshajiaminisha kwamba Mkamba amezaliwa kuwa askari. Karibu Wakenya laki moja waliingia jeshini katika vita hivyo. Babu aliingia 1940, na mdogo wake akamfuata.

Sasa nije kwenye nguo, ambako ndiko nina la kusema kama fundi.

Kaniki ya susu ina kiraka juu ya kiraka. Nilipoiweka juani niliona kwamba viraka vya chini vimeshonwa kwa uzi wa dukani, na vya juu kwa uzi uliosokotwa kwa mkono, ule wa kusukia viondo. Mwanamke hashoni kaniki kwa uzi wa kiondo kama kuna uzi mwingine. Katika miaka ya 1930 sehemu kubwa ya nguo za bei nafuu zilizouzwa Afrika Mashariki zilitoka Japani. Ndizo zilizojaa kwenye maduka ya Wahindi hadi vijijini. Desemba 1941 Japani ilipoingia vitani, mkondo huo ulikatika. Viwanda vya Uingereza na India vilikuwa vinahudumia majeshi, na kidogo kilichofika kilipanda bei. Kwa hiyo susu alivaa mgongoni kitambaa cha nchi ambayo mumewe alikuwa anapelekwa kupigana nayo, na alipokosa kingine alikitia viraka mpaka kikawa kizito kama ngozi.

Hapo ndipo barua na nguo zinapogongana. Barua ya 1943 inasema: "Kwa pesa hizi nunua nguo mpya, usivae matambara kama mjane." Nguo hazikuwepo. Na huo ulikuwa mwaka wa njaa, mahindi yakigawiwa kwa kipimo, kwa hiyo pesa zilikwenda tumboni. Ukisoma barua peke yake utafikiri kuna mke aliyependeza kwa pesa za jeshi. Kaniki inakwambia alikula pesa hizo ili watoto wasife, na akamwacha mumewe aamini alichotaka kuamini. Mimi namheshimu kwa hilo kuliko ninavyoweza kueleza.

Kabuti nalo lilinishangaza kwa ndani. Nilikuwa nafumua bitana kwa wembe, taratibu, kwa sababu sufu ya zamani huchanika ukiivuta, nikakuta chini ya kwapa la kushoto kipande cha leso kimeshonewa humo. Rangi yake na mapambo yake ni ya ile leso yenye pembe iliyochanika. Nilidhani ni kazi ya susu. Lakini mshono wake naujua: mfupi, umekaa karibu karibu, kila mara unarudi nyuma hatua moja. Huu wa ndani ya kabuti ni mrefu, umepinda, fundo limefungwa mara tatu kama mtu asiyeamini uzi. Pembeni ya kipande kuna matundu ya mishono ya zamani, safu kadhaa, maana yake kilikuwa kimeshonwa na kufumuliwa kwenye nguo nyingine kabla ya kabuti. Alikihamisha. Kila alipopewa sare mpya alikaa chini na sindano akakihamisha. Hilo halimo kwenye barua yoyote, na lisingeweza kuwemo.

Kwa nini barua zimejaa mvua, nilielewa nilipofuata njia ya kikosi chake. Babu alikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile yenye alama ya kichwa cha kifaru. Baada ya vita vya Abyssinia mwaka 1941 alipelekwa Ceylon, na kuanzia Agosti 1944 divisheni iliteremka Bonde la Kabaw, Burma, ikiwafukuza Wajapani katikati ya masika. Magari yalizama kwenye tope, malaria na homa ya taifasi ya vichakani viliwaangusha watu, na kila siku walimeza vidonge vya mepakrini, dawa ya kukinga malaria, vilivyogeuza ngozi kuwa ya manjano. Mwanzoni mwa Desemba walifika Kalewa, ukingoni mwa mto Chindwin, na hapo wahandisi wakajenga daraja la Bailey lenye urefu wa zaidi ya futi 1,100, refu kuliko yote ya aina yake wakati huo. Huo ndio mto mkubwa kuliko Athi.

Chakula katika bonde lile kilidondoshwa kwa ndege. Hariri ya miavuli ilikuwa adimu, kwa hiyo jeshi la Jenerali Slim likatumia miavuli ya juti iliyotengenezwa Calcutta, kitambaa cha gunia lakini kilichofumwa kwa karibu zaidi. Kitambaa kigumu kilichokunjwa peke yake sandukuni ndicho hicho. Upande mmoja bado una pindo nene lenye mishono miwili sambamba, pale kamba ilipopita. Fundi wa magunia hana sababu ya kushona hivyo. Mama alikuwa akisema alibebwa mgongoni kwa kitu kilichomkwaruza mapaja. Alizaliwa 1947.

Nilipoamua kuunganisha vyote kuwa blanketi moja, niliwaza juu ya wanawake wa Changi. Singapore ilipoanguka mwaka 1942, Wajapani waliwafunga raia wa nchi za maadui katika jela ya Changi, wanaume upande mmoja, wanawake na watoto upande mwingine, bila ruhusa ya kuandikiana. Ethel Mulvany, mwanamke wa Kanada, alianzisha kazi ya kushona mablanketi ya viraka kwa ajili ya wagonjwa hospitalini. Kila mwanamke alipewa kipande cha mraba atarizi jina lake na picha yoyote. Yalishonwa matatu, la Waingereza, la Waaustralia na la Wajapani, kila moja na viraka 66. Lile la Wajapani liliwasaidia walinzi wakubali mengine yapite, na hivyo mume akaona jina la mkewe akajua yu hai. Mawili yako kwenye jumba la kumbukumbu za vita huko Canberra, moja liko na Shirika la Msalaba Mwekundu la Uingereza. Wale walinyimwa barua wakatumia kitambaa. Susu alinyimwa kusoma na kuandika muda mrefu kabla ya vita, akatoa pembe ya leso.

Kazi yenyewe haikuwa rahisi. Sufu ya kabuti ni nene, sindano nambari 14 inavunjika, nikatia 18 na kulegeza uzi. Juti inamwaga nyuzi kila pembe, kwa hiyo niliizungushia utepe kabla ya kukata. Vyote nilivirowesha kwanza, kwa sababu sufu na pamba havirudi kwa kipimo kimoja na blanketi lingejikunja. Kwenye viraka vya kitambaa cha marekani nilivyoongeza nilitarizi kwa uzi mwekundu sentensi za barua, kama zilivyo, pamoja na makosa ya kijana wa misheni. Barua zenyewe sikuzigusa kwa sindano. Ile yenye tundu nimeitarizi na tundu lake.

Kuna kiraka kimoja cheusi kisicho na maneno. Ni cha mdogo wake babu. Yeye aliingizwa kwenye mizinga, Kikosi cha 301, na Februari 1944 akapanda meli Khedive Ismail Mombasa, kwenda Colombo. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido. Ilizama chini ya dakika tatu. Manowari za Uingereza ziliisaka nyambizi hiyo kwa mabomu ya chini ya maji, na mabomu yakalipuka mahali ambapo manusura walikuwa wanaelea. Walikufa watu 1,297, wengi wao vijana wa Afrika Mashariki. Barua ya babu ya mwezi wa tano inasema tu: "Mwambie mama asingoje barua ya mdogo wangu, atachelewa." Alikuwa anajua. Mkaguzi asingepitisha zaidi ya hapo, na yeye mwenyewe nadhani asingeweza kusema zaidi.

Jina la kijana huyo liko kwenye ukuta wa kumbukumbu katika makaburi ya vita ya Ngong Road, na nimelishika kwa kidole. Wengi hawana hata hilo. Aprili 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, waliokufa katika Vita vya Kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakutajwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Na waliorudi wakiwa hai? Baada ya 1945 serikali iliwatafutia wanajeshi Wazungu mashamba nchini humu. Babu alirudi 1946 na kabuti. Nikienda mjini kwa matatu ya Jogoo Road napita Burma, pale karibu na City Stadium watu wanaponunua nyama, na wazee husema jina hilo lililetwa na askari waliorudi. Abiria wenzangu wengi wana babu waliokuwa kule na hawajui.

Ndiyo maana nawaomba wasomaji. Kama kwenu kuna sanduku, lifungueni wakati bado kuna mtu wa kueleza. Msifue nguo kabla ya kuipiga picha ndani na nje, na mwangalie mishono, mifuko na bitana. Barua ziwekeni kwenye bahasha za karatasi, si za plastiki. Jina la aliyekufa mnaweza kulitafuta bure kwenye orodha ya tume ya makaburi ya vita katika intaneti, kisha mwende Ngong Road. Na mtoto aliyezaliwa babu aliporudi kutoka Burma sasa ni mzee anayekaribia miaka themanini, kwa hiyo muulizeni mwezi huu, msingoje Krismasi.