Sokwe wa Rubondo na Nyumbu wa Mto Mara

Asimamaye Kerende, katika nchi ya Wakuria ambayo Mto Mara huigawa kati ya Tarime na Serengeti, yuko jirani na mahali ambapo mnyama wa mwitu angali bwana wa miguu yake. Maana mto huo, utokao katika misitu ya Mau nchini Kenya, hupita kwanza Maasai Mara na Lamai, ambako kila mwaka nyumbu huuvuka kwa maelfu, wengine wakizama na wengine wakinaswa na mamba, kabla haujateremka kuwanywesha ng'ombe wa vijijini na kuishia ziwani. Huko riziki mnyama huitafuta mwenyewe, na mauti humjia bila taarifa. Aghalabu historia ya wanyama wa nchi hizi husimuliwa kuwa ni ya bunduki na mitego. Lakini iko na historia ya vizimba, nayo haikutengana na ya mbuga hata kidogo.

Mwaka wa 1954 bustani ya wanyama ya Frankfurt, Ujerumani, ilimpata okapi wake wa kwanza kutoka misitu ya Kongo. Mkuu wa bustani hiyo alikuwa Bernhard Grzimek, daktari wa mifugo kwa elimu yake, na mtu huyo ambaye kazi yake ilikuwa kuwatunza wanyama nyuma ya nondo ndiye aliyekuja Serengeti pamoja na mwanawe Michael, wakati serikali ya Tanganyika ilipokuwa katika shauri la kubadili mipaka ya hifadhi, wakaruka juu ya mbuga mwaka wa 1958 kwa ndege ndogo iliyopakwa milia ya pundamilia, wakiwahesabu wanyama na kuzifuata njia zao. Tarehe 10 Januari 1959 ndege hiyo iligongana na tumbusi, Michael akafariki, akazikwa ukingoni mwa Ngorongoro; na baba yake akaiendeleza kazi.

Hesabu yao iliwapa nyumbu wapatao laki moja. Leo wamezidi milioni moja, na sababu kubwa ya ongezeko hilo ilitoka katika mazizi ya wafugaji: ng'ombe walipochanjwa dhidi ya sotoka, maradhi hayo yakatoweka pia kwa nyumbu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ndama waliokuwa wakifa wachanga wakaanza kuishi. Natamani jambo hili lingejulikana zaidi, kwa sababu katika miaka hiyo hiyo Lamai ilitiwa hifadhini, wachungaji wakakatazwa malisho yake, na tangu hapo mfugaji wa nchi hii hutajwa kama hasimu wa wanyama tu. Insafu yataka atajwe na katika hisani.

Kisha ukaja wakati wa vizimba kurudisha baadhi ya wanyama viliowachukua. Mwanza ilikuwa imekwisha kupata bustani ya wanyama katika kisiwa cha Saanane mwaka wa 1964, ya kwanza nchini. Lakini katika kisiwa cha Rubondo, magharibi zaidi katika ziwa hilo hilo, lilifanyika jambo lililo kinyume. Kati ya 1966 na 1969, kwa juhudi za Grzimek huyo huyo, sokwe 17 waliokuwa katika bustani na sarakasi za Ulaya waliletwa na kufunguliwa msituni. Wengi wao walikamatwa wachanga Afrika Magharibi, wakakaa kifungoni, huyu miezi michache, yule hata miaka tisa, na hapana aliyewafundisha namna ya kuishi porini.

Sokwe wa mwitu kila jioni hujitengenezea kitanda juu ya mti: hulivuta tawi kuelekea kwake, hulipinda bila kulikata, hulikanyaga, kisha huvuta jingine na kulipitisha juu ya lile la kwanza, mpaka pawe na uteo, akamalizia kwa vijiti vyenye majani. Mtoto huipata sanaa hii kwa kumtazama mama yake miaka kadha wa kadha. Na katika kizimba cha saruji hapana tawi la kupinda. Hata hivyo, katika muda usiozidi mwaka mmoja, sokwe wale wa Rubondo wakawa wanakula matunda na majani ya kisiwani na kulala katika vitanda vya kujijengea. Madume wawili walioshambulia watu walipigwa risasi. Waliobaki wakazaa, na wazao wao wakawa wa mwitu kabisa, wakimkwepa binadamu. Nikiyapima haya naona kwamba kifungo hakikuwapokonya akili ya kutafuta riziki. Kilichoharibika kwa wale wawili ni hadhari, ile hofu inayomweka mnyama mbali na mtu kwa salama ya wote wawili, na nadhani hilo ndilo deni zito kuliko yote ambalo kizimba humwachia mfungwa wake.

Kifungo nacho kina saa yake. Ngorongoro aliishi faru mweusi jike aliyeitwa Fausta, aliyeonekana mara ya kwanza mwaka wa 1965 akiwa na umri wa miaka mitatu au minne, akatembea huru zaidi ya nusu karne, hata macho yake yalipofifia na fisi wakaanza kumjeruhi, ndipo mwaka wa 2016 akawekwa katika zizi la uangalizi. Alikufa tarehe 27 Desemba 2019, akikadiriwa kuwa na miaka 57. Na wahifadhi wake waliutaja umri huo kuwa mkubwa kupita wa faru yeyote mwingine ajulikanaye duniani, wakiwamo wale waliopata tabibu na chakula cha kila siku vizimbani tangu kuzaliwa kwao.