Bei ya Fundi: Gharama Zinazosahaulika na Namna ya Kulipa kwa Awamu

Wasikilizaji wetu wengi wanaojenga hutuletea malalamiko yanayofanana: fundi alipatana bei, akachukua pesa ya kuanzia, nyumba ikafika nusu, kisha akaacha kazi. Mafundi nao wana lao: bei ilionekana nzuri, lakini mwisho wa kazi mfukoni hawakubaki na kitu. Mara nyingi chanzo ni kimoja. Siku ya kupatana, hakuna aliyezihesabu gharama za uendeshaji.

Gharama za uendeshaji ni zipi?

Ni matumizi ambayo hayaonekani ukutani, lakini bila hayo kazi haiendi: maji ya kujengea, mlinzi wa vifaa, mbao na mirunda ya jukwaa, usafiri, ndoo, matoroli na mabeleshi. Saruji, nondo na matofali havimo humu, hivyo ni vifaa vya ujenzi. Ujira wa fundi nao huhesabiwa peke yake.

Tupige hesabu

Tuchukue mfano wa boma la nyumba ndogo. Bei ya ufundi ni Sh 2,700,000 na kazi ni ya siku 30. Fundi mkuu ana fundi msaidizi anayemlipa Sh 25,000 kwa siku, na saidia fundi wawili wa Sh 15,000 kila mmoja. Hiyo ni Sh 55,000 kwa siku, yaani Sh 1,650,000 kwa siku 30. Zinabaki Sh 1,050,000.

Sasa tuseme gharama za uendeshaji ziko juu ya fundi:

- Maji: Sh 180,000
- Mlinzi, Sh 5,000 kwa usiku: Sh 150,000
- Mbao na mirunda: Sh 150,000
- Usafiri na vitendea kazi: Sh 120,000

Jumla ni Sh 600,000. Fundi mkuu anabaki na Sh 450,000, sawa na Sh 15,000 kwa siku. Anayebeba dhamana ya nyumba nzima analipwa sawa na anayebeba zege! Mvua ikisimamisha kazi siku 10, mlinzi pekee anaongeza Sh 50,000 bila tofali hata moja kupanda. Hapo ndipo fundi anapokimbilia kazi nyingine, au anapunguza saruji kwenye mchanganyiko.

Mwenye nyumba akizibeba gharama hizo mwenyewe, fundi hubaki na Sh 35,000 kwa siku. Si lazima azibebe yeye. Kinachotakiwa ni kujua mapema nani analipa nini, na bei ipangwe kwa kufuata hilo.

Lipeni kwa hatua, si kwa tarehe

Kwa mfano huo huo, malipo yanaweza kugawanywa hivi:

- Kuanza kazi, asilimia 20: Sh 540,000
- Msingi kukamilika, asilimia 25: Sh 675,000
- Kuta kufika kwenye renta, asilimia 25: Sh 675,000
- Boma kukamilika, asilimia 20: Sh 540,000
- Baada ya kipindi cha uangalizi mtakachokubaliana, asilimia 10: Sh 270,000

Malipo ya kwanza yanamwezesha fundi kuwalipa vijana wake kwa siku tisa hivi. Asilimia 10 ya mwisho inamrudisha kurekebisha nyufa zilizotokana na kazi yake. Mkishakagua na kazi ikiwa sawa, mpeni. Ni haki yake.

Ukimtumia mkandarasi

Mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi (CRB) huweka ndani ya bei yake ofisi, wasimamizi, bima na kodi. Usimwone ghali kabla hujauliza bei imejumuisha nini. Uliza pia kama kodi ya ongezeko la thamani (VAT), ambayo Tanzania Bara kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18, imo au itaongezwa.

Andikeni

Karatasi moja ya daftari inatosha. Andikeni kazi yenyewe, bei, nani analipia maji, mlinzi na jukwaa, hatua za malipo, na itakuwaje mvua au ukosefu wa vifaa ukisimamisha kazi. Sainini wote wawili, mwenyekiti wa kitongoji awe shahidi, na kila mmoja abaki na nakala. Kila mnapolipana, andikeni tarehe na kiasi, hata kama pesa imepita kwenye simu.

Kamati za ujenzi wa madarasa na zahanati vijijini nazo zinaweza kuipiga hesabu hii kabla ya kupatana na fundi. Pesa ya wananchi ikiisha kabla ya bati, boma hubaki likinyeshewa.