Dola Ndogo ya Witu

Ukishika njia itokayo Minjila kwenda Lamu, ewe msomaji, utavuka Mto Tana, utapita nyika ya delta, na hatimaye utawasili Witu. Leo Witu ni mji mdogo katika Kaunti ya Lamu, na msafiri mwenye haraka aweza kuupita bila kuuliza habari zake. Usifanye hivyo. Hapo palikuwa makao ya sultani, na jina la mahali hapo liliandikwa katika mikataba ya Ulaya.

Kwanza tazama jinsi nchi ilivyokaa. Upande wa magharibi ulikuwapo Mto Tana. Mashariki, visiwa vya Lamu na Pate. Kusini, Bahari ya Hindi. Mto Ozi ulikuwa mlango wake wa pwani. Mfereji wa Belezoni uliunganisha Ozi na Tana, hata baadaye Tana wenyewe ukaufanya njia yake ya kuendea bahari huko Kipini. Mji ulizungukwa na msitu mnene uliokuwa ngome yake. Eneo lote lilikadiriwa kuwa kilomita za mraba 3,000 hivi, yaani kubwa kidogo kuliko Luxembourg, yenye kilomita za mraba 2,586.

Mwenye kuiasisi dola hiyo ni Ahmed bin Fumo Luti, aliyeitwa Simba, wa ukoo wa Nabahani waliotawala Pate. Aliposhindwa kuzizuia nguvu za masultani wa Unguja visiwani, alihamia bara, na katika miaka ya 1860 akaimarika Witu. Watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikimbilia kwake. Wao walipata kimbilio, naye akapata watu wa kuilinda nchi.

Hata hivyo Sayyid Barghash wa Unguja aliendelea kuidai Witu, na Simba akatafuta mshirika. Aprili 1885 alimpa Mjerumani Clemens Denhardt ardhi, na tarehe 27 Mei Ujerumani ikaiweka Witu chini ya himaya yake. Mwezi wa Agosti manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya Unguja, Barghash akashurutika kunyamaza. Usidhani kwamba Simba alikuwa mjinga. Alipima hatari mbili, akaikaribisha ile iliyokuwa mbali.

Simba alipofariki, Fumo Bakari alirithi kiti. Ndipo tarehe 1 Julai 1890 Ujerumani na Uingereza zikapatana: Ujerumani ikapewa Heligoland, kisiwa kidogo sana katika Bahari ya Kaskazini, nayo ikaiacha Witu kwa Waingereza. Watu wa Witu hawakuulizwa. Wala wa Heligoland hawakuulizwa. Septemba, Mjerumani Andreas Küntzel na wenzake waliuawa Witu baada ya ugomvi. Oktoba, Admirali Fremantle aliongoza jeshi la Waingereza, na mji ukateketezwa. Fumo Bakari alikimbia, akafa mwanzo wa 1891. Fumo Omari aliendelea kupigana msituni.

Sasa linganisha na Luxembourg. Mwaka 1867 mtawala wake, Mfalme wa Uholanzi, alikuwa tayari kuiuza kwa Ufaransa. Prussia ilipinga, na mataifa makubwa yakakutana London. Kwa kuwa hakuna aliyekubali mwenziwe aichukue, iliamuliwa kwamba Luxembourg isiegemee upande wowote. Ngome yake ilibomolewa, lakini nchi ilibaki, nayo ipo hata leo.

Wazee husema wapiganapo tembo, nyasi huumia. Witu ilipona wakati tembo walipokuwa wakitazamana kwa wivu, ikaumia siku walipopatana. Basi, msomaji, usomapo mkataba wowote wa kale, tazama majina ya waliotia sahihi. Kisha utafute katika ramani nchi ambayo mwenyewe hakuitwa mezani.