Mgawa Nafasi katika Dirisha la Kompyuta

Utemini ni kata ya mji wa Singida, na jina lake limebeba neno utemi, mamlaka ya kale ambayo sheria ya Tanganyika iliyaondoa mwaka 1963. Katika nchi za watemi, kama Unyamwezi na Usukuma, kazi mojawapo ya mamlaka hayo ilikuwa kuamua nani akae wapi na alime wapi. Kazi ya namna hiyo imezuka tena mahali pasipodhaniwa: ndani ya dirisha la kompyuta.

Zamani mtunga programu alitaja kwa tarakimu mahali pa kila kitufe na upana wake. Mpango huo ulifaa maadamu dirisha halikupanuliwa, herufi hazikukuzwa, wala lugha haikubadilishwa. Kimoja kati ya hivyo kilipobadilika, vitufe viliparamiana na maneno yakakatika.

Mwaka 1991 John Ousterhout wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitoa Tk. Humo mtunga programu alisema tu kipi kifuate kipi na upande gani. Hesabu ya nafasi ilifanywa na mpangaji. Java, iliyotolewa na kampuni ya Sun mwaka 1996, ilileta wapangaji kadhaa. Mmoja hufuatanisha vitu kama maneno ya mstari, na mstari ukijaa huanza mwingine. Wa pili hugawa dirisha kaskazini, kusini, mashariki, magharibi na katikati. Wa tatu hukata miraba iliyo sawa. Kila kitu husema mahitaji yake, na mpangaji huyazingatia kwa kadiri ya kanuni yake. Vitu vikiwa vingi hutiwa katika makundi, kila kundi na mpangaji wake, mfano wa majumbe chini ya mtemi.

Kwa Kiswahili jambo hili si dogo. Kitufe kilichopimwa kwa neno la Kiingereza Save, lenye herufi 4, hakienei neno Hifadhi, lenye herufi 7. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Lakini visanduku vya OpenOffice ya wakati ule vilikuwa na vipimo vya kudumu. Mfasiri wa lugha yoyote alitakiwa kutafuta neno sahihi, kisha lienee katika nafasi iliyokatiwa neno la wengine. LibreOffice, iliyochipuka humo mwaka 2010, ilianza mwaka 2012 kuvikabidhi visanduku hivyo kwa wapangaji, kazi iliyoongozwa na Caolán McNamara.

Istilahi njema, basi, haitoshi peke yake. Karani wa Utemini asomaye nusu ya neno hana faida na usahihi wa nusu isiyoonekana. Haki ya lugha huanza pale mgawa nafasi anapoiuliza kwanza urefu wake, ndipo akate.